Kuishi na ugonjwa wa Meniere: daftari, chungu na safari

Mwongozo huu nimeuandika kutokana na kumuuguza mama mdogo hapa Iringa. Unamfaa mwenye Meniere, ugonjwa wa sikio la ndani, na yeyote anayempikia.

1. Hakikisha ndiyo yenyewe

Chumba kinazunguka kwa dakika 20 hadi saa 12, sikio linaziba, linavuma, na usikivu unapanda na kushuka. Kizunguzungu cha sekunde chache ukigeuka kitandani ni ugonjwa mwingine, wenye tiba yake. Usikubali kuandikiwa dawa ya malaria au presha kwa kubahatisha. Omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, upimwe usikivu.

2. Daftari

La karatasi, tafadhali. Kuperuzi simu huku kichwa kinazunguka ni kujitafutia kutapika. Andika saa ya kila shambulio, chakula, usingizi na sikio lililovuma.

3. Chumvi

Hapa ndipo tulipohangaika. Lengo ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, tena isambazwe kwenye milo yote. Siku moja bila chumvi kisha kesho yake samaki wa chumvi ni vibaya kuliko kula kiasi kilekile kila siku. Ushahidi wa kitabibu kuhusu chumvi na Meniere bado si imara, na si kila mgonjwa hupata nafuu. Lakini kupunguza hakuna gharama.

Tulipunguza chumvi mezani, mashambulio kwenye daftari yakabaki vilevile. Kumbe adui ni sodiamu, na sodiamu haimo kwenye chumvi peke yake: magadi yanayolainisha maharage na kande yamejaa sodiamu, baking soda ya maandazi vilevile. Hapo sijataja vidonge vya mchuzi wala dagaa waliotiwa chumvi. Loweka maharage usiku kucha, yapike taratibu bila magadi. Mlenda bila magadi hautateleza vizuri, vumilia.

Sufuria ya familia ndiyo kazi. Usipike ya mgonjwa pembeni. Atachoka, na wewe utachoka. Pika ya wote bila chumvi, kila mtu ajitilie kwenye sahani. Chumvi ya mgonjwa ipime asubuhi, uiweke kwenye kifuniko cha chupa, ikiisha, imeisha. Limau, tangawizi na pilipili vitaziba pengo. Chumvi hiyo iwe yenye madini joto, maana nyanda hizi zimeujua ugonjwa wa goita tangu zamani. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za kukojoza, aongee na daktari kwanza.

Ulanzi (pombe ya mianzi) na kahawa nyingi: angalia daftari linasema nini.

4. Shambulio likianza

Kwanza toka karibu na jiko. Baridi ya huku hutukalisha motoni, na mtu mwenye kizunguzungu akianguka, huangukia makaa. Lala chini, macho wazi, ukazie kitu kimoja kisichotikisika, msumari wa dari kwa mfano. Prometazini, dawa ya kutuliza kizunguzungu, uliyoandikiwa na daktari ni ya shambulio tu. Ukiimeza kila siku, ubongo unachelewa kuzoea.

Ulimi ukiwa mzito, upande mmoja wa mwili ukilegea, ukiona vitu viwili viwili au usikivu ukikatika ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo. Na kila unapotibiwa, hata kidonda, taja sikio lako kabla ya sindano ya gentamaisini: dawa hiyo inaweza kuharibu sikio la ndani.

Anayeanguka ghafla bila dalili asiendeshe bodaboda wala asipande ngazi.

5. Safari

Kaa mbele, tazama barabara. Ukishuka mlima Kitonga, masikio ya kila abiria huziba. Meza mate au piga miayo, yatafunguka. Lako lisipofunguka na mvumo ukaongezeka, mwambie konda mapema, umeze dawa yako ya shambulio kabla basi halijamaliza kona.