Hopsi: zungusha chipukizi kufuata mshale wa saa

Kwa mlioko Uingereza, Ujerumani na kwingine kwenye baridi, mnaopanda hopsi (ule mmea wa kutia bia uchungu) kupamba ukuta au baraza: machipukizi ya masika yazungushieni kwenye kamba kwa kufuata mshale wa saa, ukitazama kutoka juu. Yaani upande unaokuelekea, ncha ipande kutoka kulia kwenda kushoto. Hopsi ndivyo inavyojisokota kwa asili. Ukiigeuza inajifungua na kuanguka. Maharage hupanda kinyume chake, kwa hiyo usiige.

Kamba iwe ya kukwaruza, katani au makumbi ya nazi, kwa sababu shina hujishikilia kwa vinywele vyenye ndoano. Kwenye waya laini au bomba la plastiki huteleza hata ukizungusha vizuri. Vaa glavu, vinywele hivyo huchuna ngozi. Mwenye mbwa apande kitu kingine. Hopsi ni sumu kwao.

Nyumbani karibu na ikweta ujanja huu hausaidii sana: hopsi hutaka siku ndefu za kiangazi, sisi mchana wetu ni wa takriban saa 12 mwaka mzima, mmea unadumaa.