Ziwa na kijiko: jinsi ya kugawa tumbo la mtoto wa miezi 6 hadi 12

Kliniki nasikia malalamiko mawili yanayopingana. Mama mmoja anasema, "Nesi, huyu ananyonya tu, chakula hataki hata kukiona." Anayemfuata kwenye benchi anasema, "Wangu tangu aanze uji, ziwa analisukuma." Nikiwauliza siku ya mtoto inavyokwenda, tangu anapoamka mpaka anapolala, mara nyingi nakuta shida yao ni moja. Tumbo lilijazwa kitu chepesi, au lilijazwa saa ambayo si yake.

Tumbo la mtoto huchukua takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 8 ana nafasi ya mililita 240 hivi kwa mara moja, yaani kikombe kisichojaa. Humo ndimo maziwa na chakula vinagawana. Hatua hizi ni za mtoto aliyetimiza siku zake tumboni na mwenye afya. Kama wako alizaliwa njiti, ana tatizo la moyo au hamezi vizuri, mpango wake upangwe na wanaomtibu.

Hatua ya 1: Angalia kama amefikia

Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo, halafu chakula kianze huku mtoto akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 na zaidi. Pamoja na umri, tazama mwili. Anakaa akiegemezwa kidogo bila kuyumba? Shingo imekaza? Ukimpa kijiko anameza, au ulimi bado unakirudisha nje? Kuamka usiku na kutafuna ngumi si dalili kwamba maziwa hayamtoshi. Watoto wengi wa miezi 4 wanafanya hivyo.

Kuchelewa nako kuna gharama. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma, na akiba hiyo inakaribia kwisha anapofika miezi 6. Maziwa ya mama yana chuma kidogo sana, hata kama mama anakula vizuri. Kwa hiyo kijiko cha kwanza kina kazi kubwa kuliko kumwonjesha tu.

Hatua ya 2: Mwanzoni, maziwa yatangulie

Kwa wiki za mwanzo mnyonyeshe kwanza, subiri nusu saa mpaka saa nzima, ndipo umkalishe ale. Mtoto mwenye njaa kali hana subira ya kujifunza kijiko; atalia, na wewe utasema hapendi chakula. Aliyeshiba mpaka juu naye hatafungua mdomo. Unamtaka katikati ya hapo, akiwa ametulia lakini bado ana hamu.

Anza na vijiko 2 au 3 vya chakula, mara 2 kwa siku. Akila kimoja na kugeuza uso, umemaliza. Usipunguze maziwa kwa makusudi ili ale zaidi. Chakula kikiongezeka, maziwa yatapungua yenyewe, taratibu.

Akifika miezi 8 au 9 na kula amekuzoea, mimi huwa nashauri mpangilio ugeuzwe kwa milo mikubwa: ale kwanza, ziwa lifuate. Anapoamka na anapoenda kulala, ziwa libaki pale pale.

Hatua ya 3: Chakula kiwe kizito

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watoto wengi wanapopotezea uzito.

Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anahitaji karibu kilokalori 600 (kipimo cha nishati ya chakula) kwa siku. Maziwa ya mama yanaweza kumpa kama 400. Chakula kinatakiwa kiongeze 200. Sasa pika uji kwa vijiko viwili vya unga, kama gramu 20, katika kikombe cha maji cha mililita 250. Unga huo una kilokalori 70 tu. Ili afikishe 200 kwa uji wa namna hiyo, itabidi anywe karibu vikombe 3. Kila kikombe kimoja kinajaza tumbo lake lote, na kikombe hichohicho kingekuwa cha maziwa ya mama kingempa kilokalori 160. Kwa hiyo uji mwepesi unamnyima mara mbili: wenyewe hauna kitu, na umechukua nafasi ya maziwa.

Nilishapata mtoto wa miezi 8 aliyekuwa "akila" mara 5 kwa siku na mstari wake kwenye chati ya ukuaji umelala. Mama alikuwa anachuja uji upite kwenye chupa, na chuchu ya chupa ameikata tundu kubwa. Hakuwa mzembe, alikuwa anahangaika usiku na mchana. Tulichobadilisha ni unga kuongezwa, chupa kuachwa, kijiko kushikwa, na ziwa kurudishwa mahali pa ile milo miwili ya ziada. Mstari ukaanza kupanda.

Kipimo chako ni hiki: chota chakula, kiinamishe kijiko. Kikikaa, kinafaa. Kikitiririka, kirudishe jikoni. Viazi, ndizi, maharage au mboga ukiviponda kwa uma vinakuwa na uzito unaotakiwa bila shida, na kijiko cha chai cha mafuta ya kula kinaongeza karibu kilokalori 40 bila kujaza tumbo.

Hatua ya 4: Kila siku kiwepo chenye chuma

Nyama iliyosagwa au kuchambuliwa laini, samaki asiye na miiba, yai lililoiva, maharage au dengu zilizopondwa. Nyama na samaki hutoa chuma kinachofyonzwa kirahisi. Maharage na dengu vinahitaji msaada, basi weka kando tunda lenye uchachu kama chungwa, vitamini C isaidie. Chai ondoa kabisa, inazuia chuma kufyonzwa.

Yai na karanga si vya kuahirishwa mpaka mwaka kwa kuogopa mzio. Kuchelewesha hakumkingi. Siagi ya karanga laini, iliyolegezwa kwa maji ya moto au uji, inafaa. Anza na kidogo, asubuhi, umwangalie. Ila mtoto mwenye ukurutu mkali, au aliyekwisha kuonyesha mzio, aonwe na daktari kwanza. Asali asipewe kabla ya miezi 12 hata kwa kulambishwa, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyosababisha botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Chumvi na sukari havina kazi kwenye sahani yake.

Karanga nzima, zabibu nzima, karoti mbichi na soseji iliyokatwa miduara vinaweza kumkaba. Anayekohoa na kutoa sauti anajisaidia mwenyewe. Anayenyamaza ghafla huku akihangaika kuvuta pumzi amekabwa, na huna dakika za kupoteza. Jifunze namna ya kumsaidia kabla hujaanza kumlisha.

Hatua ya 5: Ongeza kwa umri

Miezi 6 hadi 8: milo 2 hadi 3, kuanzia vijiko 2 au 3 mpaka nusu kikombe cha mililita 250. Miezi 9 hadi 11: milo 3 hadi 4, nusu kikombe kila mlo, na kitu kidogo katikati akihitaji, vipande laini anavyoweza kushika mwenyewe. Akitimiza mwaka: robo tatu mpaka kikombe kizima. Mpaka hapo maziwa yanampa nusu ya nishati yake au zaidi. Kuanzia mwaka hadi miaka 2, kama theluthi.

Siku ya mtoto wa miezi 7 inaweza kwenda hivi. Saa 12 asubuhi ananyonya. Saa 2 na nusu ananyonya tena, na saa 3 na nusu anakula. Mchana ananyonya kabla ya kulala na baada ya kuamka, kisha saa 10 jioni anakula mara ya pili. Saa 1 usiku ziwa la kulalia, na usiku kila anapoamka na njaa. Wa miezi 10 anakula asubuhi, mchana na jioni, na ananyonya anapoamka, baada ya milo, na kabla ya kulala. Msikimbizane na saa. Mtoto akipitiwa na usingizi, mlo utasubiri.

Hatua ya 6: Kama anatumia maziwa ya kopo

Kadiri chakula kinavyokua, maziwa ya kopo yanashuka: karibu mililita 600 kwa siku kwenye miezi 7 hadi 9, kisha karibu 400 kwenye miezi 10 hadi 12. Ni makadirio, si sheria. Anayezidi hapo sana na kukataa chakula, punguza kwanza chupa za mchana zinazokaribia mlo. Usichanganye unga wa nafaka kwenye chupa, na maji ya kukorogea yapime kama kopo linavyosema.

Maziwa ya ng'ombe unaweza kupikia chakula chake. Kuyafanya kinywaji kikuu kabla ya mwaka sikushauri, na miongozo ya nchi nyingi inasema hivyo: yana chuma kidogo na yanashibisha. Hata baada ya mwaka, yakizidi nusu lita kwa siku yanaanza kufukuza chakula.

Maji safi mpe kwa kikombe, mafunda machache wakati wa kula. Juisi hahitaji.

Hatua ya 7: Msome mtoto, kisha urekebishe

Nepi 6 zilizolowa kwa siku, mkojo usio na rangi kali, mtoto mchangamfu na mstari unaopanda kwenye chati vinakuambia mizani imekaa sawa. Siku moja ya kula vijiko viwili haikuambii lolote, angalia wiki.

Akilikataa ziwa, punguza kiasi cha chakula kabla ya kunyonya na mnyonyeshe mahali patulivu, hasa akiwa na usingizi. Akikataa chakula, tazama kama ananyonya dakika kumi tu kabla ya mlo, au kama karibu maziwa yote ya siku anayanywa usiku. Chakula kipya kinaweza kuhitaji kuonjwa mara 8, 10 au zaidi. Usimbane pua, usimlaze na kummiminia. Kulazimishwa kunamfundisha kuogopa kijiko, na anaweza kupaliwa.

Asiyeongezeka uzito kwa miezi miwili, anayetapika kila anachokula, au mwenye miezi 7 asiyemeza kitu chochote, mlete aonekane. Aliyelegea, asiyekojoa au asiyeweza kunyonya kabisa, mlete leo leo.

Akiwa na homa au anaharisha, hamu ya chakula huondoka na ziwa mara nyingi hubaki. Hapo rudi kama mwanzo: mnyonyeshe mara nyingi zaidi, chakula kidogo kidogo kila anapokubali. Akipata nafuu, mwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki 2, halafu umrudishe kwenye mizani apimwe.