Poka kwa aliyezoea wahedusitini: hatua za mwanzo

Wengi wetu tuliokulia Mikindani tulijifunza karata barazani, katika wahedusitini, mchezo ambao mshindi ni yule anayefikisha pointi 61 kati ya 120. Ujuzi huo unasaidia, kwa sababu tayari unazijua kopa, uru, shupaza na pau, na umezoea kukumbuka karata zilizokwisha kutoka. Hata hivyo, kuna mazoea mawili unayopaswa kuyaacha kabla ya kuishika poka, na mwongozo huu, unaohusu aina iitwayo Texas Hold'em, umepangwa kufuatana na mazoea hayo.

Hatua ya kwanza ni kuupanga upya ukubwa wa karata. Kwetu saba ina pointi 10 na inamshinda hata mzungu wa nne, yaani mfalme, na jeki yuko juu ya malkia. Katika poka saba ni karata ya kati tu, na mpangilio kutoka juu ni ree (yenye herufi A), mfalme, malkia, jeki, kumi, kisha kushuka hadi mbili. Mimi mwenyewe kwa takribani mwezi mzima nilikuwa nikiing'ang'ania saba ya kopa kana kwamba ni mali, na kila mara nilishangaa kushindwa. Baada ya hapo jifunze ngazi za karata tano, ambazo kuanzia chini ni karata kubwa pekee, jozi, jozi mbili, tatu za namba moja, mfululizo, tano za aina moja (kwa mfano kopa tupu), tatu pamoja na jozi, nne za namba moja, na mfululizo wa aina moja. Huna haja ya kukariri bila sababu, kwani ngazi hizi hufuata uhaba: katika michanganyiko 2,598,960 ya karata tano, mifululizo ya kawaida ni 10,200 ilhali tano za aina moja ni 5,108, na ndiyo maana hizo za pili zinashinda.

Hatua ya pili ni vifaa. Pata karata 52, daftari, na kete za bao badala ya fedha. Kete 64 za bao moja zinawatosha wachezaji wawili, kila mmoja 32. Mkiwa wanne, azimeni bao la pili. Nasisitiza kete kwa sababu mwanafunzi anayeweka fedha huanza kuogopa au kulipiza kisasi kabla hajajua kuhesabu, na pia kwa sababu wazee wengi wa huku hawataki kamari barazani kwao, jambo ambalo ni haki yao. Dau la fedha ni suala jingine, linalosimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa.

Hatua ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: kutupa. Katika wahedusitini huwezi kukataa kucheza karata zako. Ukigawiwa mbaya, unavumilia mpaka mwisho. Katika poka unagawiwa karata mbili za siri, ambazo utaziunganisha na tano za wazi za mezani zinazotumiwa na wote ili kupata karata tano bora, na una ruhusa ya kuziacha bila kulipa chochote isipokuwa pale zamu yako ya dau la lazima inapofika. Mkulima wa korosho anaelewa hili upesi, kwa kuwa anachambua daraja la kwanza kabla ya kupeleka mzigo chama cha msingi. Kwa wiki za mwanzo cheza jozi kuanzia saba hadi ree, ree pamoja na mfalme, malkia au jeki, na mfalme pamoja na malkia. Nyingine zote tupa. Orodha hiyo ni michanganyiko 112 kati ya 1,326, yaani takribani mikono (migawo) 8 katika kila 100, na ndiyo, mwanzoni utachoka kusubiri. Ukiwa mgawaji unaweza kuilegeza kidogo, kwa sababu baada ya karata za wazi kutoka unaamua wa mwisho, ukiwa umekwisha kuona wenzako wamefanya nini.

Hatua ya nne ni kulinganisha bei na nafasi. Tuseme una ree na malkia za kopa, na kati ya karata tatu za wazi zilizokwisha kutoka mbili ni kopa. Kopa ni 13, umeona nne, zimebaki tisa ndani ya karata 47 usizoziona, kwa hiyo nafasi ya kuipata kopa kwa karata inayofuata ni takribani asilimia 19. Katikati kuna kete 12, mwenzako anaongeza 6, nawe unatakiwa kulipa 6 ili fungu liwe 24. Maana yake unahitaji asilimia 25. Kwa kopa peke yake bei hiyo ni ghali. Wanafunzi hunijibu kwamba karata zilizosalia ni mbili na nafasi inafika asilimia 35, na hesabu yao ni sahihi, ila wanasahau kwamba kabla ya karata ya pili mwenzako anaweza kudai malipo mengine. Asilimia 35 itumie pale tu anapokuwa ameweka kete zake zote.

Video za mashindano ya World Series of Poker, yanayofanyika Las Vegas tangu mwaka 1970, zinafaa kutazamwa kwa sababu karata za siri huonyeshwa, lakini nyingi zimekatwa na kubakiza mikono ya kusisimua tu, hivyo huoni saa nzima za kutupa. Programu za bure za simu zisizotumia fedha ni nzuri kwa kuzoea mwendo, ingawa humo watu hulipia karata yoyote.

Kila baada ya mkono, andika katika daftari karata zako mbili, mahali ulipokaa na ulichoamua. Ukifikisha mikono 100, hesabu uliyoicheza. Ikizidi 20, rudi hatua ya tatu.