Jinsi ya kuchunguza postikadi ya picha ya mtu usiyemjua

Wengi wakipata kadi ya namna hii hukimbilia uso: "Huyu kafanana na bibi!" Mimi uso nauacha mwisho.

1. Nawa mikono, ikaushe, shika kadi kwenye kingo. Usiipanguse kwa maji. Utando wa gelatini unaobeba picha huvimba na kunata.

2. Weka kioo cha kukuzia juu ya shavu. Ukiona vitone vimejipanga kama wavu, kadi imepigwa chapa mashineni. Kivuli cha pua kikififia taratibu bila kitone, hiyo ni picha halisi. Iinamishe dirishani: mng'ao wa kifedha penye weusi, hasa pembezoni, ni dalili ya picha iliyozeeka.

3. Sasa igeuze, na hapa usiwe na haraka. Je, kuna mstari unaotenga ujumbe na anwani? Ukiwepo, kadi kwa kawaida si ya kabla ya nchi yake kuuruhusu: Uingereza iliuruhusu mwaka 1902, Ujerumani 1905, Marekani tarehe 1 Machi 1907. Tazama pia kisanduku cha stempu. Neno AZO (chapa ya karatasi ya picha) lenye pembetatu nne zinazoelekea juu kwa kawaida ni karatasi ya 1904 hadi 1918. Mbili zikitazama juu na mbili chini, ni 1918 hadi 1930 hivi.

Lakini umri wa karatasi si lazima uwe umri wa picha. Kuna kadi niliyoikadiria miaka ya 1920 kwa pembetatu hizo, nikajisifu. Wiki moja baadaye kioo kikanionyesha vichwa vya pini kwenye pembe mbili: mtu alibandika picha ya zamani ukutani akaipiga upya! Mwenye sura ile huenda alishazikwa siku nyingi.

4. Muhuri wa posta unakupa ukomo: picha haiwezi kuwa ya baada ya tarehe hiyo. Soma ujumbe wote, ila aliyeandika si lazima awe aliyepigwa picha. Mulika kurunzi kutoka ubavuni. Jina la studio mara nyingi limegandamizwa bila wino pembeni chini.

5. Ndipo uje kwenye uso na mavazi. Mzee aweza kuvaa koti la miaka ishirini, kwa hiyo mwamini zaidi kijana.

6. Skani pande zote mbili. Makisio yako yaandike kwa penseli kwenye bahasha, kamwe si kwenye kadi, na kila jina la kubahatisha liwekee alama ya kuuliza.