Somo: Kuhamishia michoro ya Inventor na AutoCAD kwenye Vault bila kukata viungo

Wakuu, wengi wakihamia Vault, ghala la Autodesk la kutunza na kudhibiti faili za michoro, wanaulizia ukubwa wa seva. Kinachotoa watu jasho ni viungo, yaani njia ambazo faili moja hutumia kulipata jingine. Asembli (kifaa kizima) ya Inventor, programu ya kuchora kwa 3D, haibebi pati (kipande kimoja kimoja) ndani yake, inakumbuka tu jina la faili na mahali lilipo. Airbus walikionja kitu cha jamii hii mwaka 2006: Hamburg walichora nyaya za A380 kwa programu ya usanifu ya CATIA toleo la V4, Toulouse wako toleo la V5, na nyaya zikafika kwenye ndege zikiwa fupi.

Hatua ya 1: Chukua bakapu, jaribu kuirudisha, kisha zifunge folda za zamani zisomeke tu.

Hatua ya 2: Saka majina yanayojirudia. Hapa tenga muda wa kutosha. Kwenye folda za kawaida, faili za pati (.ipt) kama Pampu-01\Bracket.ipt na Pampu-02\Bracket.ipt hukaa miaka bila ugomvi. Vault ikiwekwa kudai majina ya kipekee, la pili linakataliwa. Na kama la pili lilinakiliwa kwa Windows Explorer, utambulisho wake wa ndani ni ule ule wa la kwanza, kwa hiyo unaweza kuletewa Bracket ya pampu nyingine usigutuke. Kubadilisha jina tumia Design Assistant, zana ya Inventor ambayo hurekebisha pia asembli zinazolitumia faili hilo. Explorer achana nayo.

Hatua ya 3: Faili la mradi, lile la .ipj linaloionyesha Inventor pa kutafutia faili, liwe moja kwa ofisi nzima.

Hatua ya 4: Kwa DWG (faili za AutoCAD), weka mpangilio wa REFPATHTYPE iwe 1, ili njia ya kiungo ihesabiwe kuanzia faili lenyewe lilipo badala ya kuandikwa kamili. Hiyo inagusa viungo vipya tu. Vya zamani vilivyoandikwa Z:\Miradi\... vibadilishe kwa mkupuo kwenye Reference Manager, zana inayokuja na AutoCAD. Malizia na amri za AUDIT (kurekebisha makosa ya faili) na PURGE (kufuta visivyotumika).

Hatua ya 5: Pitisha mradi mmoja mdogo kwenye Autoloader, zana ya kupakia faili kwa wingi kwenye Vault, usome ripoti ya viungo vilivyokosekana. Halafu fungua michoro hiyo kwenye kompyuta ambayo haina draivu Z:. Ukiifungulia kwenye yako, programu inaweza kuchota faili la zamani kimyakimya, nawe ukadhani umemaliza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, sisi tuna AutoCAD LT, hiyo Reference Manager siioni.
Jibu: LT haina. Fungua paleti ya XREF (orodha ya faili za nje zilizounganishwa na mchoro) urekebishe njia moja moja. Kama michoro ni mamia, azima kompyuta yenye AutoCAD kamili, utaokoa wiki.

Swali: Kwa nini tusigeuze kila kitu kuwa STEP, muundo wa faili unaosomwa na programu nyingi, tukaepuka haya yote?
Jibu: STEP inabeba umbo, na aina yake ya AP242 inabeba hadi vipimo na tolaransi. Historia ya namna pati ilivyojengwa haimo. Ukitaka kuhamisha tundu kesho, utahariri umbo bubu. Kwa kumbukumbu ya miaka mingi weka STEP pembeni, ila usiifanye faili la kazi.

Swali: Mwenzetu mmoja bado yuko Inventor 2021, sisi 2024. Kuna shida?
Jibu: Ipo. Pati ikishahifadhiwa kwa 2024, yeye hawezi tena kuihariri. Mpandisheni kwanza, au mbaki wote 2021 hadi kazi ya kuhamisha iishe.