Kutoa maji yanayotuama kwenye shamba la udongo mweusi

Mashamba mengi ya tambarare kusini mwa Moshi yana udongo mfinyanzi mweusi. Ukilowa unavimba, na maji hayazami tena. Mahindi machanga yakisimama majini siku tatu au nne, mizizi inakosa hewa na majani ya chini yanageuka njano. Kuongeza urea hapo ni kutupa hela. Toa maji kwanza.

Wakati wa vuli, mvua ikikatika, piga vigingi kila palipobaki dimbwi. Chimba mtaro Januari au Februari, masika hayajaanza.

Anzia upande wa chini, maji yatakapotoka shambani kuingia korongoni. Kitako cha mtaro kiwe juu ya maji ya korongo hata likijaa, la sivyo yatarudi shambani. Kama yatapita kwa jirani, kubalianeni kabla ya kushika jembe.

Mteremko wa sentimita 30 kwa mita 100 unatosha, yaani 3 kwa kila mita 10. Ukizidisha sana, maji yanakula udongo. Usiamini jicho, tambarare inadanganya. Chukua fito mbili na kamba ya nailoni. Fito ya upande wa chini funga kamba sentimita 103 kutoka ardhini, ya juu 100. Ya chini isimame kwenye kitako kilichokwisha kuchimbwa, ya juu mita 10 mbele, unapochimba. Kaza kamba, ning'iniza pimamaji ya kamba (kichupa chenye kiputo cha hewa) katikati kabisa. Kiputo kikikimbilia upande wa juu, endelea kuchimba; kikitulia katikati, songa mbele.

Kina cha sentimita 30 hadi 40 kinafaa. Kuta zilale: kila sentimita 30 za kina, rudi nyuma 30 au zaidi. Ukuta wima kwenye udongo huu unapasuka kiangazi, kisha mvua ya kwanza inauangusha vipande vipande mtaroni. Udongo unaotoka usiuache ukingoni, utazuia maji kuingia; jazia mabonde madogo.

Matuta ya kupandia yawe na upana wa mita 1, kimo sentimita 20 hadi 25, yakielekea mtaroni. Hayo ni ya tambarare tu. Kwenye miteremko ya Kibosho au Marangu yataondoka na udongo wote.

Mdomoni mwa mtaro panga mawe, maana maji yakidondoka yanachimba kurudi shambani. Kila baada ya mvua kubwa pita na chepe uondoe tope, hasa mitaro inapokutana.