Somo: Toba inayofika mlangoni kwa uliyemkosea, na ushirika unaolea uamsho

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mkutano wa injili ukishaisha Jumapili jioni, spika zimefungwa na turubai limeshushwa, deni la dukani bado liko kwenye daftari la mwenye duka. Ndugu wawili waliogombania shamba la baba yao bado hawasalimiani. Wengi waliokwenda mbele walilia kweli, na machozi yao hatuyadharau. Ila toba iliyoishia madhabahuni bila kumfikia aliyekosewa imekatikia njiani, na ndiyo maana makanisa mengi hufanya juma la uamsho kila mwaka, na mwaka unaofuata yanaanzia palepale.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano wetu wa uamsho uliodumu. Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church wa hospitali ya Gahini, Rwanda, walikaa pamoja na Biblia wakimtafuta Roho Mtakatifu. Miaka ya 1930 moto wa uamsho ukashika Gahini. Watu walitaja dhambi zao moja moja, wakarudisha walivyoiba, mmisionari akamwomba msamaha mwalimu Mwafrika na mwalimu akamwomba msamaha mmisionari. Ukaingia Uganda, ukavuka Buhaya upande wa Tanganyika, na mwaka 1937 timu ya wandugu, ndivyo walivyoitwa watu wa uamsho huo, ilikuwa imefika Kenya. Miaka ya 1950, wakati wa Mau Mau, wandugu wengi wa Ukikuyu walikataa kula kiapo, na wengi wao wakakataa pia kushika bunduki ya serikali. Baadhi waliuawa. Uthabiti ule ulilelewa kwenye vikundi vidogo vya kila wiki, ambako mtu alisema kweli juu ya senti aliyoichukua na neno baya alilomwambia mkewe.

Somo hili linafuata njia ile. Linamfaa mtu mmoja, na linafaa kikundi kinachotaka kuanza.

Hatua ya 1: Kaa na Neno kwanza

Tenga saa moja, peke yako, simu imezimwa. Soma Luka 19:1-10 mara mbili, kisha Zaburi ya 51. Angalia mpangilio wa habari ya Zakayo: Yesu alijialika nyumbani kwake kabla Zakayo hajarudisha hata senti moja. Kurudisha kulifuata baada ya kupokelewa. Ukigeuza mpangilio huo utalipa madeni yote na bado utalala na hofu, kwa sababu utakuwa unajaribu kununua kile ambacho Kristo ameshakilipia msalabani.

Hatua ya 2: Andika kwenye karatasi

Karatasi, siyo simu. Simu huazimwa, hupotea, hufunguliwa na watoto. Chora safu nne: nani, nini, lini, kiasi gani. Kisha pita eneo kwa eneo: fedha (mikopo, risiti zilizoongezwa, sadaka iliyopita mikononi mwako), ulimi, mwili, kazi (kuchelewa, mali ya ofisi), nyumbani, na mambo ya waganga na hirizi.

Hapa watu hukosea kwa namna mbili. Wapo wanaoandika “nina kiburi, sina upendo” na kufunga daftari. Hilo ni ungamo la jumla, halina wa kumwendea wala cha kurudisha. Andika: “Jumanne nilimwaibisha dada wa kazi mbele ya wageni.” Wengine wanachimba bila kukoma, wanaandika hata ndoto. Ukijikuta unaandika usichokikumbuka bali unachokihofia tu, simama. Roho Mtakatifu hutaja jambo linalojulikana, na pamoja nalo huonyesha mlango wa kutokea. Huzuni isiyo na mlango ni ile ya pili katika 2 Wakorintho 7:10, huzuni ya dunia, iletayo mauti.

Hatua ya 3: Ungama kwa Mungu, moja baada ya nyingine

Kwa sauti, ukitaja kila mstari. Omba kwa 1 Yohana 1:9, kisha amini ulichosoma. Usirudie mstari uliokwisha kuuungama.

Hatua ya 4: Pima duara la kila dhambi

Dhambi ya mawazo inaishia kwako na Mungu. Uliyomkosea mtu mmoja inaishia kwake. Uliyoifanya mbele ya kwaya nzima inaungamwa mbele ya kwaya. Duara la kuungama lisizidi duara la kosa. Ndugu akisimama kanisani na kutangaza kwamba alikuwa anamtamani dada fulani, anamvua nguo yule dada mbele za watu, na toba yake imezaa kosa jipya.

Hatua ya 5: Nenda, sema, rudisha

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo twende taratibu.

Kuhusu kipimo: Mambo ya Walawi 6:1-5 inataka mali yote irudishwe na kuongezwa sehemu ya tano. Kutoka 22:1 inataka ng'ombe watano kwa mmoja aliyeibwa na kuchinjwa au kuuzwa, na kondoo wanne kwa mmoja. Zakayo alijipangia mara nne. Hatufungi mtu kwa sheria hizi, lakini ile sehemu ya tano ni kipimo chema: inamkumbuka aliyekaa bila mali yake muda wote huo.

Mfano: shemeji yako yuko mbali, alikutumia fedha za saruji. Ulinunua mifuko 10 ukamwandikia 12. Mifuko miwili, kila mmoja 16,000, ni 32,000. Sehemu ya tano ni 6,400. Jumla 38,400. Ukituma kwa simu, weka na ya kutolea, maana akikatwa makato kwa wakala atapokea pungufu ya deni.

Maneno ya kusema yawe mafupi, na uyaandike kabla hujaenda:

“Shemeji, mwaka juzi nilikudanganya kwenye saruji. Nilinunua mifuko kumi, nikakuandikia kumi na miwili. Fedha ya miwili niliila. Nimekukosea, naomba unisamehe. Hii hapa fedha yako, na nyongeza kidogo kwa kukuchelewesha.”

Kisha nyamaza. Usiseme “hali ilikuwa ngumu.” Usiseme “kama nilikukwaza.” Usimkumbushe na yeye alivyokukosea, siku yake itakuja, na pengine haitakuja. Mpe nafasi ya kukasirika.

Usiende usiku, usiende siku ya msiba wake, wala usiende na watu wa kukushangilia. Ana kwa ana ni bora kuliko simu, na simu ya sauti ni bora kuliko ujumbe. Kama huna fedha yote, nenda hivyohivyo, mkubaliane kiasi cha kila mwezi na mkiandike. Anza na kiasi utakachokiweza hata mwezi mbaya: elfu tano isiyokatika inamheshimu kuliko elfu hamsini ya mwezi mmoja na ukimya wa miezi sita.

Kwa ugomvi usio wa mali, Mathayo 5:23-24 inasema uiache sadaka, uende ukapatane kwanza. Agizo hilo amepewa anayekumbuka kwamba nduguye ana neno juu yake. Basi usingoje aanze yeye.

Hatua ya 6: Kata njia ya kurudia

Waefeso walichoma vitabu vya uganga vyenye thamani ya vipande vya fedha 50,000 (Matendo 19:19). Hawakuviuza ili sadaka inone. Futa namba, funga akaunti ya kamari, kabidhi hesabu kwa mtu wa pili, badili njia ya kurudi nyumbani. Fanya ndani ya siku tatu, moyo ungali laini. Karatasi ya hatua ya 2 nayo ichome ukishamaliza.

Hatua ya 7: Ingia kwenye ushirika, au uuanze

Watu watano hadi kumi na wawili. Wakizidi hapo, wanyenyekevu wananyamaza na wasemaji wanatawala. Siku moja ya wiki, saa moja na nusu, nyumbani kwa mtu au kwenye chumba cha kanisa, mchungaji akiwa na taarifa. Wimbo mmoja na sala fupi. Neno dakika 20, mistari isiyozidi 15, isomwe mara mbili na watu wawili tofauti. Kimya dakika tano kamili. Kiongozi asikijaze kwa kunena. Halafu kutembea nuruni, dakika 30 hadi 40: kila anayetaka aseme Bwana alichomwonyesha wiki hii. Wiki hii, siyo dhambi za mwaka 1998 zilizoshuhudiwa mara mia. Kisha kuombeana.

Masharti yasomwe kila mara anapokuja mgeni. Simu zinawekwa kapuni, hakuna kurekodi. Dhambi za mwili wanaume wanaungama kwa wanaume, wanawake kwa wanawake, na bila maelezo ya namna ilivyokuwa. Hakuna anayelazimishwa kusema. Hakuna kuungama dhambi ya mwenzako. Hakuna sadaka inayokusanywa hapo. Siri inatunzwa, isipokuwa mtoto anaumizwa au maisha ya mtu yako hatarini.

Ushirika huoza kiongozi anapoacha kuungama yake na kuanza kumulika ya wengine. Dalili huonekana mapema: watu wanaanza kupimana nani amevunjika na nani bado, wanahesabu urefu wa sketi, wanawaita wasiokuja “wafu.” Dawa tunayoijua ni kiongozi aanze yeye, wiki hiyohiyo, kwa jambo halisi.

Maswali ya wanaushirika

*Shalom watumishi. Nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu, nikala laki tatu. Kikundi kimeshavunjika na mwenyekiti ni marehemu. Nimrudishie nani?*

Shalom dada. Tafuta daftari la kikundi au mwanachama anayekumbuka hisa. Laki tatu na sehemu ya tano ni 360,000. Igawe kulingana na hisa za kila mmoja. Fungu la marehemu wape warithi wake, mbele ya shahidi, wasije wakagombana. Asiyepatikana kabisa wala ndugu zake, Hesabu 5:8 inaelekeza fungu lake liende kwa Bwana. Ila hiyo iwe ya mwisho baada ya kutafuta kweli, maana ni rahisi kuwapa kanisa kuliko kumtazama usoni uliyemwibia.

*Bwana asifiwe. Nilimsaliti mke wangu, hajui. Wapendwa wananiambia nisimame kwenye ushirika niseme.*

Usisimame, kaka. Mke wako asilisikie jambo hili baada ya watu kumi kulijua. Anza kwa mchungaji au mshauri mmoja anayetunza siri. Nenda kapime VVU na magonjwa mengine ya zinaa mara moja, na usimkaribie mkeo hadi ajue hali ilivyo. Afya yake ni haki yake. Kata mawasiliano na yule mwingine kabla ya mazungumzo. Kisha mwambie mwenyewe, mahali pa faragha, mchungaji au mama wa kanisa anayemwamini akiwa karibu kumsaidia. Jibu maswali yake kwa kweli, bila kumpa picha ambazo hakuziomba.

*Nilimwendea baba mdogo nikamwomba msamaha, akanifukuza. Je, toba yangu imekataliwa?*

Haijakataliwa. Warumi 12:18 inasema kwa upande wenu mkae katika amani na watu wote, na wewe upande wako umeufanya. Kama ulikuwa na deni la mali, lipa hata kama hakusemeshi, kupitia kwa mtu anayeheshimika katika ukoo. Msalimie mkikutana. Usiende kila wiki kumsumbua. Ikipita miezi kadhaa, shangazi au mzee wa ukoo anaweza kumwendea kusikia kama moyo wake umelainika.

*Natubu ulevi kila Jumapili, Ijumaa narudi. Nimechoka kujiona mnafiki.*

Njoo hata wiki uliyoanguka, hasa wiki hiyo. Rudi hatua ya 6: mshahara unaingia lini, unapitia wapi, nani anakupigia simu? Mpe mwenzi au ndugu kadi siku ya mshahara, na Ijumaa saa kumi na moja uwe na mtu wa ushirika. Na kama umekunywa sana kwa miaka, ukiacha ukatetemeka, kutoka jasho, kuchanganyikiwa au kupata degedege, wahi hospitali. Bora uende kabla hujaacha ghafla, maana kuacha hivyo kunaweza kuua. Dawa za daktari hazipingani na maombi.

*Mtu aliyemuumiza mwanangu ametubu kanisani, watu wamepiga makofi. Wazee wananitaka nisamehe na nisiende polisi. Nifanyeje?*

Mama, pole sana. Nenda polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na mtoto apelekwe hospitali; ikiwa imetokea karibuni, ndani ya saa 72, asiogeshwe na nguo zake zisifuliwe. Hata muda ukiwa umepita, nenda. Kusamehe ni kazi yako na Mungu kwa wakati wake, wala hakuondoi mashtaka. Toba ya kweli ya mtu huyo ingempeleka mwenyewe kituoni. Wazee wanaokuzuia wanajitwalia msamaha usio wao. Mtafute mchungaji mwingine wa kukushika mkono, na mtu huyo asikae tena karibu na watoto wa Shule ya Jumapili, hata akilia kila ibada.